Tumeshuka Kitonga na gari ambayo bado haijatoka

Nimerudi Dar jana usiku, mgongo unauma ila usingizi hauji, ngoja niandike. Siku tatu tulikuwa barabarani kikazi, tunaijaribu gari ndogo mpya kabla haijazinduliwa, cc 1000, pistoni tatu, imebandikwa stika nyeusi na nyeupe mwili mzima ili wapiga picha wasishike umbo lake.

Nilikataa gari iende tupu bila mzigo. Huku kwetu mtu akienda kijijini Disemba anapakia mke, watoto, mchele na bado kuna shangazi wa kushushwa Moro, kwa hiyo tukapanda watu wazima wanne na mifuko ya mchanga kwenye buti. Mikumi tulipita taratibu, twiga wanavuka. Mlima Kitonga, kule Iringa, tukapanda nyuma ya malori ya Zambia na Kongo, gia namba mbili, namba moja, mlimani hewa nyepesi injini isiyo na tabo (ile ya kuisukumia hewa zaidi) inakosa pumzi, lakini temperecha haikucheza hata kidogo, nikaipenda kwa kweli.

Shida ilikuwa kurudi. Nilishuka kama anavyoshuka dereva mgeni, gia kubwa, mguu kwenye breki kila kona. Wazoefu wanashuka na gia ndogo ili injini yenyewe iizuie gari, ila gari haiuzwi kwa wazoefu tu. Baada ya kona kadhaa nikasikia harufu ya pedi za breki kuungua, halafu pedeli ikaanza kulainika, nikikanyaga inazama kuliko mwanzo, na mbele yangu kuna lori la kontena. Nikarudisha namba mbili, injini ikalia, ikashika. Hakuna aliyeongea mpaka tumefika chini. Jaribio lile sirudii tena kwenye barabara ya watu.

Ruaha Mbuyuni tukasimama, rimu za mbele hazishikiki. Mwenzangu kaja na chupa ya maji nikamzuia, diski ya moto ukiimwagia maji inapinda. Mama muuza vitunguu akaizunguka gari.

"Baba, mbona mmeichora kama pundamilia?"

"Bado haijatoka mama, tunaijaribu."

Akachungulia siti za nyuma, akaniuliza inabeba magunia mangapi mpaka Moro.

Ofisini wanataka niandike breki ziko sawa kwa matumizi ya kawaida, maana tarehe ya uzinduzi imeshapangwa. Kawaida ya nani? Ya yule mama ni magunia na huo mlima. Nimeandika pedi zibadilishwe, breki fluidi (mafuta ya breki) iwekwe isiyochemka haraka, maana ikichemka ndiyo pedeli inazama, na tujaribu tena na mzigo ule ule kabla haijauzwa hata moja. Nimetuma saa tisa usiku, hawajajibu.