Nilivyolipa kodi ya mauzo ambayo sikuwatoza wateja

Napiga picha za harusi Dallas, Texas. Wateja wangu wengi ni wenzetu: Wakongo, Wakenya, Watanzania. Kodi ya mapato nilikuwa nalipa kila mwaka bila shida. Kodi ya mauzo sikuigusa kabisa, nikiamini ni ya wenye maduka. Mimi nahariri, natuma linki, mteja anapakua picha zake. Bidhaa iko wapi hapo?

Aliyenizindua ni dada mmoja mhasibu ninayesali naye. Nilimpelekea ankara ya picha za kipaimara cha mwanawe, akaisoma mara mbili. "Mdogo wangu, mbona sioni kodi hapa?"

Nikaenda kusoma kanuni za jimbo. Texas picha ni bidhaa, na kuituma kwa intaneti badala ya kuichapa kwenye karatasi hakubadilishi kitu. Tena kodi haihesabiwi kwenye picha tupu. Ada ya kupiga na nauli ya kwenda ukumbini, maadamu mwisho wake mteja anapata picha, vyote vinaingia. Jimbo linachukua asilimia 6.25, na serikali za mitaa zinaweza kuongeza hadi 2. Hapa Dallas jumla ni 8.25.

Nikachukua daftari. Harusi 11, kila moja dola 2,000. Kodi: dola 1,815. Usiku ule sikulala vizuri. Kuwarudia maharusi wa mwaka uliopita niwadai dola 165 kila mmoja sikuweza. Kosa lilikuwa langu, si lao.

Dada yule akanionyesha mlango. Jimbo lina utaratibu wa kujisalimisha kwa hiari: ukijitokeza kabla hawajakutafuta, unalipa kodi yenyewe, na adhabu wanaweza kukusamehe. Nilijitokeza, nikalipa kutoka mfukoni mwangu, adhabu ikafutwa. Ningesubiri barua yao, nafasi hiyo nisingeipata.

Kibali cha kukusanya kodi ni bure. Mimi naripoti kila robo mwaka, mwisho tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hata robo ambayo sikupata kazi, ripoti ya sifuri lazima iende. Ukichelewa ni faini ya dola 50. Malipo yakiingia, sehemu ya kodi naihamishia akaunti nyingine siku hiyohiyo, kwa sababu nimejionea jinsi pesa isiyo yako inavyoliwa ikilala pamoja na yako.

Kuna na nafuu niliyokuwa siijui. Albamu na fremu za kumuuzia mteja nilikuwa nazinunua pamoja na kodi. Sasa nampa muuzaji cheti cha kununua kwa ajili ya kuuza tena, hanitozi. Kamera na lenzi hapana, hizo natumia mwenyewe.

Kazi ngumu ilikuwa kuwaambia watu. Shemeji mmoja Mkongo, niliyempigia harusi ya kakake, aliuliza: "Mbona kaka yangu hukumchaji hii?" Nikamweleza ukweli wote, pamoja na zile 1,815. Alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nimwandikie kodi kwenye mstari wake, mbali na bei, ili awaonyeshe wanakamati. Tangu hapo ankara zangu zote naziandika hivyo.