Faili dogo lililobaki kwenye mashine ya baba

Ilikuwa 2021, miezi miwili baada ya baba kufariki, mama akaniambia ile kompyuta ya baba imeanza kulia. Nikaenda kuisikiliza na kweli, tik tik tik, kimya, halafu inaanza tena, na aliyewahi kupoteza diski anaujua huo mlio. Moyo ukanipiga paa maana imeili zote za baba zilikuwa humo na hakuna pengine. Alikuwa anatumia Thunderbird, programu ya imeili, kwa njia ya POP3, yaani barua inashuka kwenye mashine halafu kwenye seva inafutwa, na pale pa kuacha nakala kwenye seva hapakuwa na tiki. Barua za miaka 12, diski moja.

Nikabonyeza Windows na R, nikaandika %appdata% maana folda ya data za programu imefichwa ukiitafuta kwa macho huioni, nikaingia Thunderbird, kisha Profiles, kisha folda ya profaili yake, yaani inayobeba vitu vyake vyote vya Thunderbird, humo nikakuta folda inaitwa Mail. Kwa haraka niliyokuwa nayo nikasema barua si ndizo hizi, nikafunga programu kwanza kwa sababu ukikopi ikiwa wazi faili linaweza kutoka bovu, nikaanza kukopi kwenye fleshi. Ikagoma. Fleshi ya GB 32, tupu kabisa, inaniambia faili ni kubwa mno! Nilikaa pale sielewi mpaka nikakumbuka fleshi imefomatiwa kwa FAT32, ule mfumo wa zamani wa kupanga faili, na FAT32 haipokei faili moja likifika GB 4. Inbox ya baba ilikuwa GB 5 na ushee, kwa sababu barua zote za folda moja zinaunganishwa kwenye faili moja refu, na hata ulizofuta zinabaki humo mpaka uikompakti, yaani uibane iondoe zilizofutwa. Kukompakti kwenye diski inayokata roho sikuthubutu, inaandika faili zima upya. Nikafomati fleshi iwe exFAT, mfumo unaopokea faili kubwa, nikaanza tena, karibu saa nzima nimekaa chini pembeni ya mashine nasikiliza kila tik.

Kurudisha hakukuwa na shida. Kwenye laptopu yangu niliweka Thunderbird, lile faili la Inbox nikalibadilisha jina likawa Baba, nikalitia kwenye Local Folders, folda za Thunderbird zinazokaa kwenye mashine yenyewe, kufungua zikaja zote. Mama akasoma mbili tatu, akalia kidogo, akacheka, kisha akasema haya nipe namba za rafiki zake, wengine hawajui mpaka leo kama hayupo. Nikafungua kitabu cha anwani. Kitupu.

Kumbe kontakti hazikai ndani ya Mail bana, ziko nje yake, kwenye faili linaitwa abook.sqlite, na jirani yake history.sqlite ambalo linaokota anwani za watu uliowaandikia. Ningekopi profaili nzima tangu mwanzo ningekuwa navyo vyote. Ikabidi niiwashe tena ile mashine, na hapo ndipo niliogopa kuliko siku nzima. Mara ya kwanza haikufika popote, ya pili ikaganda kwenye nembo, nikaizima nikaiacha ipoe mpaka jioni. Ya tatu ikaingia, taratibu mno, kila folda inafunguka baada ya dakika. abook.sqlite halikufika hata MB 1. Nilikopi sekunde moja, nikachukua na history.sqlite, nikazima, na haikuwaka tena.

Nikafunga Thunderbird kwenye laptopu, nikaweka lile faili juu ya lile tupu kwenye profaili mpya, nikafungua. Majina yakajipanga. Baba alikuwa anajaza kila kitu, simu ya nyumbani, ya kazini, hadi pale pa maelezo ambapo watu wengi hatuandiki kitu. Kwa rafiki yake mmoja wa zamani aliandika: "Apigiwe asubuhi, jioni huwa amechoka." Mama akaisoma kwa sauti, akaisoma tena, na kesho yake akaamka mapema akaanza na huyo.