Maji tumboni: chumvi tunaiona, magadi hatuyaoni

Mgonjwa wa ini aliyejaa maji tumboni huambiwa apunguze chumvi, lakini jikoni kwetu Kisumu watu husahau magadi. Yale ya kulainishia managu na mitoo yana sodiamu vilevile, ile iliyomo kwenye chumvi inayozuia maji mwilini. Chemsha mboga bila magadi, umkamulie ndimu. Chumvi yote ya siku isizidi gramu 5, yaani kijiko cha chai kilichosawazishwa, pamoja na iliyomo kwenye mkate.

Samaki na maharagwe msimnyime, misuli yake inayeyuka.

Mpime uzito kila asubuhi akishakojoa, kabla ya chai, uandike. Zikiongezeka kilo 2 kwa wiki, mrudishe kliniki. Akichanganyikiwa au akitapika damu, hospitali saa hiyohiyo. Na tafadhali, dawa za maumivu za diklofenaki na ibuprofeni msimpe: huumiza figo, maji yakazidi.