Siku sauti yangu ilipochelewa

Nilifikiri napata kiharusi. Nilikuwa chumba cha kurekodia, kuta zimefunikwa sponji, nikisoma kitabu cha sauti kwa ajili ya wasioona. Kusoma kwa sauti ni kazi niliyoizoea na kuipenda miaka mingi, lakini siku hiyo ukurasa wa kwanza tu ulinishinda. "Walipokutana" lilitoka "walipokukutana". Nikarudia, likatoka vilevile. Irabu zilirefuka zenyewe, nikapaza sauti, nikapunguza mwendo, mwisho nikanyamaza katikati ya sentensi nikimsubiri mtu aliyekuwa akisoma nyuma yangu amalize.

Mtu huyo alikuwa mimi.

Aibu ya kukosea naijua, na ile haikuwa aibu. Mdomo ulikuwa unakwenda kama wa mtu mwingine, nami namtazama tu. Viganja vikapoa.

"Kaka, uko salama?" Fundi mitambo aliniuliza kutoka upande wa pili wa kioo.

Nikavua hedifoni nimwombe maji. "Naomba maji," nikasema, na maneno yakatoka safi kabisa. Nikazivaa tena, nikasoma mstari mmoja: kigugumizi. Nikavua: sawa. Nilifanya hivyo mara nne au tano, maana sikuamini kwamba kitu kidogo namna ile kingeweza kuninyang'anya ulimi wangu.

Fundi akakagua waya na mipangilio, akaona tatizo. Sauti yangu ilikuwa inazunguka ndani ya kompyuta kwanza ndipo inanirudia masikioni, imechelewa kidogo. Kidogo kweli, hata kupepesa jicho hakumalizi.

Baadaye nilitafuta maelezo, nikakuta Mmarekani Bernard Lee aliliandika jambo hili mwaka 1950. Sauti ya msemaji ikimrudia imechelewa kwa takriban milisekunde 200, ambao ni karibu muda wa silabi moja, usemi huvurugika sana. Ubongo unapoagiza ulimi utamke, hujiandaa pia kwa sauti itakayofuata. Ikifika kwa wakati, unaipokea kama yako na wala huishughulikii. Ikichelewa, unaanza kurekebisha kosa ambalo halipo. Na kuna lililonigusa zaidi: baadhi ya wenye kigugumizi huzungumza kwa wepesi wakisikia sauti yao ikichelewa vivyo hivyo. Kilichonifunga mimi ndicho kinachowafungua wao.

Fundi alipounganisha hedifoni moja kwa moja na kipaza sauti, nilisema "moja, mbili". Nikaisikia "moja" pale pale mdomo ulipokuwa. Machozi yalinilenga, nami sioni haya kulisema.

Tukaanza upya ukurasa wa kwanza. Sikio la kulia niliacha wazi, hedifoni imesogezwa nyuma kidogo, na hadi leo ndivyo ninavyosoma.