Kotesheni Tatu, Mwandiko Mmoja

Ni harufu ya wino wa muhuri iliyonirudisha nyuma. Jumanne nilikuwa ofisini kwa naibu chifu pamoja na kina mama wa mizinga ya nyuki, wanaoomba ruzuku Nairobi, na pedi ya muhuri ilikuwa imekauka. Naibu chifu akafungua kichupa, akadondosha matone mawili ya wino wa zambarau, akayasambaza kwa ncha ya kidole. Chumba kizima kikanuka. Kina mama waliendelea kupanga karatasi zao. Mimi nilishafika mbali: Novemba 2011, chumba cha nyuma cha ukumbi, mvua juu ya mabati, na karatasi tatu zimelazwa mezani bega kwa bega.

Tulikuwa saba kwenye kamati ya mfuko wetu wa jamii. Maombi yalikuwa 14, jumla yake zaidi ya milioni mbili na nusu, na za kugawa tulikuwa na shilingi 940,000. Sehemu ilikuwa faida ya mfuko wa kudumu. Iliyobaki ilikuwa michango ya mwaka ule, ya watu wa hapa Wundanyi na wa kwetu walioko Mombasa na Nairobi, ambayo mfadhili alikuwa amekubali kuiongezea shilingi kwa shilingi.

Mpaka leo watu huchanganya mfuko wa jamii na harambee, kwa hiyo niseme tofauti yake. Harambee ni hema Jumamosi, fedha zikahesabiwa jioni, na mwezi ukiisha zimekuwa mawe na simiti. Inafaa sana kwa kazi moja. Mfuko wa jamii hushika sehemu ya fedha isiguswe kabisa, hugawa inachozaa. Tuseme mna milioni mbili kwenye hati fungani za serikali, yaani mmeikopesha serikali, kwa riba ya asilimia 12. Kwa mwaka zitazaa 240,000. Kodi ya zuio ya asilimia 15, inayokatwa kabla riba haijawafikia, itachukua 36,000, mtabaki na 204,000. Na hizo msizigawe zote. Bei hupanda, na mtaji usiolishwa hukonda bila mtu kuuona: tarakimu kwenye karatasi ni zile zile, lakini kinachonunuliwa kinapungua. Sisi tulirudisha robo ya faida kila mwaka, na kila mwaka kuna aliyetuona wachoyo.

Mtindo huu si wa jana. Mwaka 1914 huko Cleveland, Marekani, mwanabenki Frederick Goff alichoka kuona fedha za marehemu zimefungwa na wasia uliotaja shida ambazo zilishakwisha. Akataka fedha ziwekwe pamoja, na kamati ya wenyeji iamue kila wakati zinahitajika wapi. Kenya, shirika la Kenya Community Development Foundation lilianza kazi ya namna hiyo mwaka 1997. Msingi wake ni huo huo: anayeamua awe mtu anayeujua mji. Ndiyo sababu tulikuwa mezani siku ile. Kila mmoja wetu alijua njia ya kila kijiji kilichotajwa kwenye yale maombi 14.

Ombi la tisa lilikuwa la maji. Kikundi kilitaka kujengea chemchemi na kushusha maji kwa paipu hadi kwenye vituo vitatu vya kuchotea, shule ikiwemo. Kwenye orodha ya wanachama, jina la nne lilikuwa la mzee aliyekaa mkono wangu wa kushoto.

Sheria tulishaiandika wenyewe: ombi likimgusa mjumbe, au mwenzi wake, au mtoto wake, au kikundi chake, anatoka nje ya chumba. Haitoshi anyamaze. Mtu mzito akikaa kimya mezani, kimya chake nacho kinapiga kura. Na kwenye kumbukumbu inaandikwa saa aliyotoka na saa aliyorudi. Lakini kuiandika sheria ni kitu kimoja, na kumwambia mtu wa umri wa baba yako ainuke ni kitu kingine. Yeye ndiye aliyetoa shilingi 5,000 za kwanza mfuko ulipoanzishwa, kabla hatujawa hata na kitabu cha risiti.

“Mzee,” nikasema, “hapa itabidi utupishe.”

“Nawapisha, Mwalimu.”

Akachukua kofia yake chini ya kiti. Hakuichukua fimbo, aliiacha imeegemea meza. Mlango wa chumba kile ulikuwa umevimba kwa unyevu, haufungi mpaka uuinue kidogo, na aliuinua mwenyewe kutoka upande wa nje, taratibu, mpaka ukashika. Kisha akakaa kwenye benchi chini ya ukingo wa paa. Dirisha lilikuwa nyuma yake, kwa hiyo tulichokiona sisi ni mgongo wake na kofia, na maji yakimwagika kutoka kwenye bati mbele ya magoti yake. Tukashusha sauti, ingawa kwa mvua ile asingesikia hata tungepiga kelele. Katibu akaandika: saa 5:20.

Fomu ilikuwa safi kuliko zote. Cheti cha usajili kutoka ofisi ya maendeleo ya jamii, nakala ya kumbukumbu za mkutano zenye sahihi za wanachama, taarifa ya benki, barua ya mwenye shamba akiruhusu paipu ipite, ahadi ya nguvukazi ya siku 400 kwa thamani ya shilingi 200 kwa siku. Halafu kotesheni tatu, yaani karatasi za bei kutoka maduka tofauti, kama tulivyotaka kwa kila kinachozidi 50,000.

Mweka hazina ndiye aliyezitoa kwenye pini na kuzilaza pamoja. Maduka matatu: la hapa, la Mwatate, la Voi. Mihuri mitatu: wa kwanza duara la buluu, wa pili mstatili wa zambarau, wa tatu uliolowa wino mpaka ukatokeza nyuma ya karatasi na bado unanuka. Jumla tatu: 248,600, 256,300 na 261,900. Na mwandiko mmoja. Saba ile ile iliyokatwa katikati kwa kistari. Herufi k yenye mguu mrefu unaoingia kwenye mstari wa chini. “Koki ya kufungia” ilikuwa imeandikwa “koki ya kufugia” kwenye karatasi zote tatu. Mweka hazina akavuta fomu ya maombi, akaiweka kando ya zile tatu. Saba ile ile.

Hakuna aliyesema neno “wizi.” Mtu mmoja alisema, “Hizi zimetoka mkono mmoja.” Mwingine akafungua faili la mwaka uliotangulia, akatuonyesha kuwa kikundi kingine kilinunua paipu ya upana huo huo, milimita 32, kwa bei ya chini sana, hawa walikuwa wameweka karibu nusu zaidi kwa kila mita. Mwandiko mmoja, na bei imepanda. Mimi mwenyekiti niliuliza kama kuna aliyekwenda kukagua chemchemi. Barabara ya juu ilikuwa imekatika wiki ile, ukaguzi wa maombi manne uliahirishwa, hili likiwa mojawapo. Nikaitisha kura. Sita kwa sita, pamoja na mkono wangu.

Saa 6:05 nilikwenda kumfungulia mwenyewe. Mabega ya koti lake yalikuwa yamelowa kwa matone ya upepo. Hakuuliza. Kwa utaratibu wetu, aliyetoka hupata jibu kwa barua sawa na kikundi chake, na yeye alikuwa miongoni mwa walioutunga utaratibu huo. Alikaa, akarudisha kofia chini ya kiti, akavuta fomu ya ombi la kumi. Lilikuwa la vyoo vya shule moja ya bondeni, na lilikuwa limekwama kwa kukosa fedha. Akalitetea kwa dakika nyingi, akaeleza jinsi watoto wa kike wanavyorudi nyumbani saa nne na wengine hawarudi tena darasani siku hiyo. Sote tulijua fedha za vyoo zingetoka wapi. Zilikuwa zimebaki mezani muda mfupi uliopita, wakati yeye yuko nje. Tukapitisha.

Barua tulizituma wiki iliyofuata. Vyoo vilijengwa kwa awamu mbili kama kawaida, asilimia 60 kwanza, 40 baada ya hesabu kukaguliwa. Hesabu zilichelewa kwa sababu risiti za mashine zilikuwa zimefifia zikawa nyeupe. Tangu hapo kila kikundi tunakiambia kitoe fotokopi siku ile ile ya ununuzi.

Januari nilipanda kule juu kwa shughuli ya mazishi, na kijana mmoja akanisalimia, akasema yeye ndiye katibu wa kikundi cha maji. Alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka ule. Nikamuuliza kuhusu kotesheni, kwa upole niwezao. Hakubabaika. Nauli ya kwenda Voi na kurudi kwa watu wawili kikundi hakikuwa nayo, akapiga simu. Wenye maduka walimtajia bei, yeye akaandika. Kisha walimtumia kwa kondakta wa matatu karatasi zao zenye kichwa cha duka na muhuri, tupu, azijaze, maana dukani hakukuwa na mtu wa kukaa kuorodhesha vitu 23 kwa mteja ambaye huenda asinunue.

“Na fomu yenu, Mwalimu, ukurasa wa kwanza inasema tuandike kwa mwandiko unaosomeka. Wangu ndio unaosomeka.”

Karatasi tupu yenye muhuri wa duka ni jambo la hatari. Nimeona mahali pengine likitumika vibaya, na sitajifanya sijui. Lakini kesho yake nilipiga simu kwenye maduka yale, nikataja vitu kimoja kimoja. Bei zilikuwa zile zile isipokuwa simiti, iliyokuwa imepanda.

Na paipu? Kijana yule alinipeleka akanionyesha. Kutoka chemchemi hadi shuleni ni mteremko mkali. Fundi wao alikuwa amepima kwa mpira mwangavu wenye maji na fito mbili, hatua kwa hatua, siku mbili nzima, akapata kimo cha mita 84. Kila mita kumi za kimo huongeza msukumo wa takriban baa moja. Paipu ya daraja la PN 6 huvumilia baa sita, yaani mita 60. Ukifunga bomba la chini usiku, maji yaliyosimama yote yanasukuma, na paipu inapasuka kule chini ilikofukiwa. Kwa hiyo fundi alitaka PN 10, yenye ukuta mnene na bei kubwa. Njia nyingine ni kujenga tangi dogo katikati ya mteremko la kuvunja msukumo, ila nalo lina simiti yake, boya lake na mtu wa kulitazama. Kikundi cha mwaka uliotangulia kilipitisha maji karibu na tambarare. PN 6 iliwatosha. Upana ni ule ule, paipu si ile ile, na fomu yetu ilikuwa na nafasi ya kuandika upana tu.

Mwaka uliofuata tuliongeza mstari wa daraja la paipu. Tukaweka kwamba ombi halisikilizwi kabla ya kukaguliwa, mvua inyeshe isinyeshe. Barabara ikikatika, kikao kinasogezwa. Na tukaruhusu kotesheni kwa simu, mradi mjumbe wa kamati awe amepiga simu hiyo naye na kuandika tarehe na jina la aliyejibu. Kikundi kiliomba tena, kikapata, ingawa bei zilikuwa zimepanda na vituo vitatu vikawa viwili. Kituo kilichoachwa ni kile kilichokuwa karibu na nyumba ya mzee.

Nilimweleza yote. Alisikiliza akiwa ameshika fimbo kwa mikono miwili. Akasema, “Mngenipitishia kwa sababu ni mimi, ningekuwa nimewaharibia mfuko.” Hilo ni kweli. Lakini hakukuwa na aliyemtaka atusaidie kupitisha. Tulikosa mtu mmoja tu wa kutuambia mteremko ule ukoje, na mtu huyo alikuwa kwenye benchi nje, umbali wa hatua nne, kwa amri yangu. Nimeligeuza jambo hili miaka mingi. Sheria ya kutoka nje bado naitetea kila kikao. Bado pia sijapata jibu la nini kifanyike na ujuzi anaotoka nao mtu anapotoka.

Jumanne ile kina mama wa nyuki nao walikuwa na kotesheni tatu za mizinga, maana mfadhili wa Nairobi anataka tatu. Anayetengeneza mizinga ya aina wanayoitaka huku kwetu ni fundi mmoja. Nyingine mbili ziliandikwa na binti wa mwenyekiti baada ya kupiga simu, kwa kalamu moja, na mihuri imegongwa juu. Nikamwomba naibu chifu asubiri. Nikageuza kila karatasi, nikaandika nyuma yake nani alipiga simu, saa ngapi, nani alijibu, na kwamba fundi wa karibu ni mmoja. Naibu chifu akasoma, akagonga muhuri wake chini ya maneno yale, akapuliza wino ukauke.

“Yataeleweka huko yanakokwenda?” akaniuliza.

Nikamwambia sijui, na tukazitia kwenye bahasha.