Kata tatu na nusu

Nilikuwa kidato cha tatu, likizo ya Desemba, uani kwa bibi yangu Newala. Tulikuwa tunabangua korosho, mikono tumeipaka majivu ili mafuta ya maganda yasituunguze. Nikawasomea hadithi yangu ya kuchekesha, ya mwanamke bahili wa maji. Niliandika kwamba ubahili wake haukuwa na mfano, uliwapita watu wote duniani. Shuleni tulifundishwa kwamba hiyo ndiyo mubaalagha, yaani kupiga chuku. Nilipomaliza, zilisikika korosho tu: ko, ko, ko.

"Mume wangu," bibi akasema, "umetuambia ni bahili, lakini hujatuonyesha. Mimi namjua huyo."

Kila aliyekuwepo aliijua shida ya maji. Huku juu Umakondeni mchanga huinywa mvua yote, na ujanani mwake bibi aliteremka bondeni alfajiri, akapanda na mtungi kichwani.

"Alipofiwa na mumewe," akaendelea, "alilia huku amekinga kata ya kuchotea maji kidevuni. Zikapatikana kata tatu na nusu. Akazipikia kisamvu cha matanga, na chumvi hakununua."

Shangazi aliliachia jiwe la kubangulia, akajishika mbavu. Bibi mwenyewe hakucheka hata kidogo, utadhani anataja bei ya mtama sokoni.

Hapo nikaelewa kwa nini tunasema kupiga chuku. Chuku ni pembe ya kuumikia: mganga huibandika mwilini, huvuta, nyama ikavimba. Lakini nyama lazima iwepo. Bibi aliibandika palepale palipowauma, kwenye maji.

Na ile nusu! Miaka mingi baadaye nilikutana na Gargantua, jitu la Rabelais, mwandishi wa Ufaransa wa karne ya 16. Utotoni lilitengewa ng'ombe 17,913 wa kulipatia maziwa. Wale 13 wa mwisho ndio wanaonivunja mbavu mpaka leo, maana ni kama kuna mtu aliyekwenda zizini akawahesabu mmoja mmoja. Anayeandika "maelfu ya ng'ombe" amemnyima msomaji utamu wote.

Usiku ule, wenzangu walipokwenda kulala, nilimwuliza, "Bibi, kwa nini nusu?"

Hakuinua macho kwenye korosho zake. "Ya nne ilikuwa haijajaa, waombolezaji wakambembeleza, akanyamaza."