Angalia nukta

Wiki nzima imepita na bado naisikia. "Binti, wewe angalia nukta. Maana niachie mimi."

Mnamjua Profesa wetu, yule wa kitabu cha methali, aliyetuletea karibu nusu ya kazi za mwaka huu yeye na marafiki zake. Jumatatu ile alikuja kuona prufu za pili, zile kurasa za majaribio ninazosahihisha kabla kitabu hakijachapwa. Nikamwamkia, nikasubiri amalize chai, ndipo nikamwambia: "Profesa, hii 'Mtaka cha mvunguni huinama' ipo ukurasa wa 41. Halafu ukurasa wa 163 imerudi kama 'Mtaka cha uvunguni sharti ainame', na maelezo yanapingana." Ya kwanza kaeleza kuwa inahimiza juhudi na unyenyekevu. Ya pili eti inamwonya mtu asijidhalilishe. Hakuinua hata macho. Akasema hayo niliyoanza nayo, mbele ya kijana wa mtambo, ambaye ghafla akawa anatafuta bisibisi.

Na mimi nikajibu nini? "Sawa, Profesa." Sawa! Mtu mzima wa miaka 43, kumi na saba kati ya hiyo nikiinamia prufu. Majibu mazuri yote yalinijia kwenye daladala, nikiwa nimesimama, mkono mmoja juu.

Tangu hapo nalala na kuamka na Aldus. Aldus Manutius, mchapaji wa Venice, nimeshawahi kuwachosha naye hapa. Mwaka 1508 alikuwa na mteja wa aina hiihii. Erasmus, yule msomi wa Uholanzi, naye alikuwa na kitabu cha methali, za Kigiriki na Kilatini. Toleo la kwanza, la Paris mwaka 1500, lilikuwa na methali 818. Alipotua Venice akapewa malazi kwa Andrea Torresani, baba mkwe wa Aldus, na kitabu kilipotoka Septemba kilikuwa na zaidi ya 3,000. Aliandika huku mtambo unapiga. Yeye yuko humohumo ndani anaandika, wapanga herufi wanamsubiri, wino wa karatasi ya mwisho haujakauka. Wasomi waliomzunguka Aldus wakawa wanamletea miswada ya Kigiriki ambayo haijawahi kuchapwa, bila kuombwa, naye anazidi kuongeza. Nikifika hapo namwona Profesa na meseji zake za saa tano usiku: "Ongeza na hii."

(Inasemekana Erasmus alipobisha hodi mara ya kwanza aliachwa asubiri muda mrefu, Aldus akidhani ni wale wageni wa kuja kushangaa mitambo. Aldus alikuwa amechoshwa nao hadi akaweka tangazo mlangoni: yeyote uwaye, sema shida yako kwa ufupi uondoke, ila kama umekuja kusaidia kazi. Nimemwomba bosi tubandike letu. Kasema litafukuza wateja.)

Sasa, prufu. Msahihishaji wa pale aliitwa Seraphinus. Erasmus naye alipitia kurasa za kitabu chake mwenyewe. Baada ya hao wote, Aldus mwenye matbaa alizichukua akazisoma tena. Erasmus akamuuliza kwa nini anajitwisha kazi isiyo na haja. Aldus akamjibu: najifunza.

Basi. Neno moja. Nimelijaribu kila namna. Kwa upole: "Najifunza, Profesa." Kwa tabasamu. Kwa kuvua miwani taratibu kwanza. Nimelisema nikiosha vyombo, nikalisema kwenye foleni ya benki, na Jumamosi kwenye sendoff ya mdogo wangu (ilifana, picha nitaweka) MC alipoita ukoo wetu mbele midomo yangu ilikuwa inacheza, Shangazi akaniuliza kama nasali.

Jana usiku nikafanya kosa la kurudi kusoma hadithi hiyo ilitoka wapi.

Ilitoka kwenye ugomvi. Alberto Pio, mtawala wa Carpi kule Italia, alifundishwa na Aldus tangu utotoni, na alipokua akawa mfadhili wake. Ile Aristotle kubwa ya Kigiriki, yaani vitabu vya mwanafalsafa huyo, majuzuu matano kati ya 1495 na 1498, Aldus aliitabaruku kwake. Miaka mingi baadaye Pio na Erasmus wakakosana kwa mambo ya dini, na katika kurushiana maneno Pio akamwambia mwenzake kwamba pale kwa Aldus alikuwa msahihishaji tu. Mwaka 1531 Erasmus akajitetea: mimi nilisahihisha changu peke yake, vya wengine vilikuwa vya Seraphinus, na Aldus mwenyewe alisoma baada yangu. Hapo ndipo "najifunza" inapojitokeza.

Kumbe sentensi niliyokuwa naimung'unya wiki nzima kama pipi ni ushahidi katika kesi ambayo shtaka lake ni kazi yangu! Wasomi wawili wakubwa, mmoja anatupa neno "msahihishaji" kama tope, mwingine anajifuta haraka. Aldus alishafariki tangu 1515. Pio alifariki Januari ya mwaka huohuo wa 1531, hata jibu hakulisoma. Na Seraphinus hakuna aliyemuuliza. Tena mimi nilijiona Aldus! Aldus alikuwa mwenye mlango na tangazo lake. Mimi ni Seraphinus, tena mwenye deni la saccos.

Nilicheka peke yangu hadi baba watoto akawasha taa.

Halafu leo asubuhi faili jipya la Profesa limeingia. Hakuna salamu, hakuna maelezo, methali kumi na moja zimeongezwa. Nikaenda moja kwa moja kwenye mvunguni. Imebaki moja! Amefuta. Yaani alisikia, mzee wa watu, alisikia pale pale asinionyeshe. Nikamwita kijana wa mtambo aje aone, nikamnunulia na maandazi.

Nilikuwa natafuna la pili nilipotazama vizuri. Alichofuta ni ukurasa wa 41. Aliyoiacha ni ile ya kuonya mtu asijidhalilishe.

Nimeweka alama ya kuuliza pembeni kwa kalamu ya risasi, ndogo, karibu sana na nukta. Anakuja kesho saa nne.

Paka hajarudi tangu Alhamisi. Jirani anasema kuna watu wameweka sumu ya panya kule nyuma kwenye mabanda, na nimezunguka mara mbili na tochi nikimwita, sijaona kitu.